Mume wangu anataka turbo, kaka yangu hataki kuisikia: niweke injini gani?

Mshauri, shikamoo.

Ninaandika kuhusu injini ya gari, na najua si jambo unaloulizwa kila siku. Nivumilie, kwa sababu injini hiyo sasa imekuwa kesi ya nyumbani.

Tuna Toyota HiAce ya zamani, ya lile umbo lililoanza kutoka mwaka 1989, ambayo injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Tuliinunua ikiwa ya abiria. Mimi na mume wangu tukang'oa viti vya nyuma na kuigeuza nyumba ya kusafiria: kitanda cha kukunja, kabati za plaiwudi, jiko dogo la gesi, tangi la maji la lita 80, betri mbili za ziada na sola juu ya paa. Kazi ya mbao karibu yote ni ya mikono yangu. Watoto wameshakua na wana makazi yao, kwa hiyo tukipata nafasi tunafunga mlango na kuondoka. Mume wangu ndiye mpanga njia. Dereva ni mimi, kwa sababu macho yake hayapatani na taa za magari usiku.

Injini iliyokuwamo ni 2L, dizeli isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), cc 2,446. Haijawahi kuwa na haraka. Kwenye mlima mrefu tunapanda kwa gia ya pili, malori yanatupita, mume wangu ananung'unika, mimi naongeza sauti ya redio. Katika safari ya mwisho mpira wa maji wa redieta ulipasuka tukiwa katikati ya mlima. Mshale wa joto ulipanda, halafu ukashuka ghafla, nikadhani mambo yametulia. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Tulivutwa hadi gereji. Fundi alipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akakuta silinda mbili ziko chini, akafungua, akakuta silinda hedi ina ufa na gasketi imeungua. Na kwa kuwa ilikuwa inakula oili tangu zamani, anasema kubadilisha hedi peke yake ni kupoteza hela.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mume wangu anataka 1KZ-TE, ile turbo dizeli ya cc 2,982. Ameshapata mtu anayevunja Prado iliyogongwa nyuma, na injini yake bado inawaka. Anasema tumeishi vya kutosha nyuma ya foleni, na kama tunatoa hela basi tutoe kwa kitu kitakachotupandisha. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa dizeli miaka mingi, hataki kusikia. Anataka tuweke 3L au 5L, ndugu za 2L, na yuko tayari kuifunga mwenyewe bila kuchukua hata senti ya ufundi. Mbele yangu alimwambia mume wangu: "Shemeji, unanunua matatizo kwa hela ya dada yangu." Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa simu tu, na kupitia kwangu.

Binti yetu anasema tuachane na dizeli tuweke mota ya umeme. Fundi wa gereji anasema tuifanyie 2L ukarabati kamili. Rafiki yangu anasema tuuze.

Hela ni akiba yetu sote wawili. Nikichukua upande wa kaka, mume wangu ataona nimechagua ukoo wangu. Nikichukua turbo, kaka hatagusa tena gari hilo, na yeye ndiye fundi pekee ninayemwamini. Na kusema kweli, hata mimi nimechoka kupitwa na malori. Gari limekaa uani huku kila mtu ananiuliza, "Mmeamua?"

Tuweke injini gani? Na nikishajua, nitasemaje nyumbani?

Dereva, kati ya mume na kaka

*

Marahaba, dada yangu. Pole kwa safari ile, na pole zaidi kwa uani pako.

Kwa nilivyokuelewa, una maswali mawili ambayo yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni la gereji: injini ya zamani imekufa, na zipo njia nne au tano za kuirithi. La pili ni la sebuleni: kila njia imeshapata mwenyewe, kiasi kwamba huwezi kuchagua chuma bila kuonekana umechagua mtu. Nitaanza na la gereji, maana naona baadhi ya mambo yaliyowagombanisha hawa ndugu wawili yanaweza kupungua makali yakipimwa badala ya kubishaniwa.

Kuna kitu kilinishangaza katika barua yako. Hoja ya mumeo umeieleza vizuri, ya kaka yako vizuri zaidi, hata binti na rafiki wamepata sentensi zao. Yako umeipitisha mlango wa nyuma: "hata mimi nimechoka kupitwa na malori." Wewe ndiye unayeshika usukani. Kuna aliyekuuliza unataka gari liendeshwe vipi? Na wewe umejiuliza umechoka kiasi gani? Kuna uchovu wa kutoa nusu ya akiba, na kuna uchovu unaokwisha redio ikiongezwa sauti.

Sasa niguse mambo mawili ambayo nyote mmeyachukulia kuwa yameshathibitika.

Mnaamini gari ni zito kupanda kwa sababu ya 2L. Inawezekana. Lakini 2L mnayoihukumu ilikuwa mgonjwa. Injini inayokula oili na yenye silinda mbili zilizochoka haiwezi kutoa nguvu ilizozaliwa nazo. Halafu kuna mzigo. Lita 80 za maji ni kilo 80. Betri ya asidi ya Ah 100 ina kilo 25 hadi 30, nanyi mnazo mbili. Ongeza plaiwudi, kitanda, mtungi wa gesi, sola na chuma kinachoishikilia. Sijaliona gari lenu, lakini sitashangaa kama mmejenga kilo mia tatu na ushei kabla hamjapakia nguo. Ilipokuwa ya abiria ilibeba uzito pia, ila abiria hushuka, kabati halishuki. Kabla ya kununua nguvu mpya, likokoteni hadi kwenye mzani likiwa limepakiwa kama la safari, mjue linabeba nini, na mlinganishe na uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao huandikwa kwenye kibati cha gari au kwenye kadi. Kujaza tangi nusu mnapokwenda kwenye milima ni bure kabisa. Najua fundi wa mbao hapendi kuambiwa kabati zake ni nzito. Nisamehe.

La pili: mnaongea kana kwamba injini imekufa kwa udhaifu wake. Kwa maelezo yako, kilichoiua ni mpira wa maji. Na ule mshale ulioshuka ghafla ukakutuliza haukuwa na kosa la kukudanganya. Kihisi cha joto hupima maji yanayokigusa, na maji yakiisha kinabaki hewani, hakijui kuwa chuma kinaiva. Injini yoyote mtakayoweka, ya mume au ya kaka, msipogusa upande wa maji itarithi redieta ileile, mipira ileile, feni ileile na mfuniko uleule wa redieta. Kwa hiyo upande wa maji ni gharama ambayo ipo katika kila njia, na haifai kuhesabiwa kuwa ziada ya njia mojawapo. Kuna kengele ndogo za umeme zinazolia maji yanapopungua kwenye mfumo. Bei yake haifanani hata kidogo na ya silinda hedi.

Na hapo nina swali ambalo mafundi wenu huenda hawakuliuliza, maana hawakuwapo wakati wa ujenzi: mlipong'oa viti vya nyuma, je, gari lilikuwa na hita ya nyuma? Ikiwa ilikuwapo mkaitoa, mabomba yake ya maji yalizibwa wapi na kwa kitu gani? Kiziba kilichowekwa kienyeji huweza kuvuja, na bomba refu lililobaki bila kazi huweza kushika hewa. Magari ambayo injini yake iko chini ya viti ni maarufu kwa kushika hewa kwenye mfumo wa maji. Lazima yajazwe taratibu na hewa itolewe vizuri. Wewe uliyejenga ndani ndiye unayejua kilichofichwa nyuma ya kabati.

Sasa hizo injini.

Njia ya kaka yako ina mantiki ambayo hata mtu asiye fundi anaweza kuifuata. 2L, 3L na 5L ni tumbo moja. Kilichobadilika zaidi ni upana wa silinda na urefu wa mwendo wa pistoni: milimita 92 kwa 92 kwenye 2L, 96 kwa 96 kwenye 3L, na 99.5 kwa 96 kwenye 5L. Ndiyo maana cc zinatoka 2,446 kwenda 2,779 na kisha 2,986. Zote hizo ziliwahi kufungwa kwenye umbo hilohilo la HiAce, kwa hiyo kazi ya kuzikalisha inajulikana. Pampu ya dizeli ya kawaida yao ni ya kimakanika, haihitaji kompyuta. Angalieni tu herufi. Ikiandikwa 5L-E, hiyo E ina maana mafuta yanaongozwa kwa umeme, na sehemu kubwa ya urahisi anaousifu kaka yako inaondoka. 5L ya kawaida inawapa cc zaidi kwa karibu asilimia 22 kuliko mliyokuwa nayo. Mtaisikia, hasa mkitoka kwenye injini iliyochoka. Malori matupu bado yatawapita.

Hatari yake ni kwamba mtakuwa mnanunua injini ya mtumba yenye historia ya kusimuliwa. Kompresheni ipimwe silinda zote. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla haijapanda, bila kujali muuzaji anasema nini, maana ukikatika valvu hukutana na pistoni na mnarudi mlipoanza. Klachi nayo itazamwe wakati gia boksi iko chini.

Kuhusu ukarabati kamili wa 2L sina mengi. Ni njia ya mtu anayetaka kujua kila kilichomo ndani ya injini yake, na namba ya injini inabaki ileile kwenye kadi ya gari. Ila bloku ikipimwa ikakutwa imechakaa sana, au hedi mpya ikawa ya ubora wa kubahatisha, mtakuwa mmetoa hela ya 5L mkabaki na nguvu ya 2L.

Ya mumeo nisingeitupa haraka kama kaka yako alivyoitupa. 1KZ-TE si ndoto. Toyota yenyewe iliwahi kuiweka kwenye HiAce za umbo lenu. Hutoa nguvu za farasi zinazokaribia 130, wakati 3L iko kwenye 90 hivi. Na kuna jambo la milima ambalo sijaona likitajwa: injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kama milima ndiyo mnayoipenda, mumeo hanunui majivuno.

Shida iko kwenye hiyo Prado. Injini ileile kwenye gari tofauti huja na mavazi tofauti: sampu (bakuli la oili chini ya injini), mauntingi (vishikizo vyake), njia ya hewa, ekzosi. Inapokwenda kukaa chini ya kiti chako, vitu hivyo vinaweza kugoma, na mtaanza kusaka vya HiAce kimoja kimoja. Pampu yake inaongozwa kwa umeme, kwa hiyo injini bila kompyuta yake, waya zake zote na kihisi cha pedali ya mafuta ni chuma cha kuangalia tu. Gia boksi lazima ioane nayo. Redieta ya 2L haitoshi, na hiyo ni gharama ya njia hii juu ya ile ya maji niliyoitaja. Breki za gari linalopanda kwa kasi zaidi ni zilezile zitakazolishusha. Bei aliyoambiwa mumeo ni ya injini. Muulize kwa upole kama ni bei ya kazi nzima. Kama angepata HiAce nzima yenye 1KZ-TE ya kuvunja, hesabu yote ingekuwa nyingine, na hilo linaweza kuwa jambo la kumwambia bila kumpinga.

Kuna pia suala la mkiharibikiwa mbali. Pampu ya kimakanika hutengenezwa na mafundi wengi wa barabarani. Ya umeme inataka mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta, au angalau mwenye mchoro wa waya. Kwa upande mwingine, injini iliyofungwa kwa utaratibu na kutunzwa hudumu miaka bila kumlaza mtu porini. Hatari kubwa ninayoiona ni ya kufunga nusu nusu, hela ikaishia njiani, waya zikaunganishwa kwa gundi ya karatasi.

Binti yenu hasemi upuuzi. Mota ya umeme ina mvuto tangu tairi linapoanza kuzunguka, na haina mpira wa kupasuka wa aina ile. Lakini gari zito la umbo la sanduku hula betri: chukulia kWh (uniti za umeme) 25 hadi 30 kwa kila kilomita 100 kwenye njia tambarare, zaidi milimani, na betri zenyewe ni mzigo mpya juu ya ule tuliosema mwende mkaupime. Kwa safari fupi kutoka sehemu yenye umeme hadi sehemu yenye umeme, linawezekana. Je, safari zenu ziko hivyo?

Hilo swali la mwisho ndilo ningependa ulipeleke sebuleni, dada, kabla ya jina lolote la injini. Mumeo na kaka yako hawabishani kuhusu injini peke yake. Mmoja anaona barabara ya mlima na nyinyi mkiwa mbele ya foleni. Mwingine anamwona dada yake amekwama usiku mahali pasipo na fundi. Wote wawili wanawaza mema juu yako, na kila mmoja anawaza safari yake. Kaeni wewe na mumeo, nyinyi wawili tu, mtaje safari mnazotaka kufanya katika miaka michache ijayo: umbali, milima, msimu, na kama mnaendesha usiku. Anaweza kuhisi unamtega, hasa kama anajua kaka ameshazungumza nawe. Ndiyo maana nadhani ni vizuri uanze kwa kumwambia ukweli wako kuhusu malori, ambao pengine hajawahi kuusikia kwa sababu ya ile redio.

Kwa kaka yako nina wasiwasi wa aina nyingine. Ufundi wa bure wa ndugu ni zawadi kubwa, na wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kazi isiyolipiwa husogezwa kila mteja mwenye hela anapoingia, na wewe huwezi kulalamika. Zaidi ya hapo, zawadi yake imekuja na sharti, hata kama hakulitamka. Ungeweza kutenganisha mawili hayo: mwombe ushauri kama fundi na umlipe kama fundi, hata kama ni kwa bei ya ndugu. Kisha umuulize, "Kaka, ikitokea tumeamua turbo, orodha ya vitu vinavyohitajika ili ifungwe sawasawa ni ipi?" Anaweza kukasirika kwamba unamletea malipo. Anaweza pia kukataa kuiandika. Lakini akiiandika, orodha hiyo ndiyo itakayozungumza na mumeo, na shemeji yake hatahitaji kusema neno. Nakubali kuwa huenda nampa kaka yako subira kuliko aliyonayo; wewe unamjua.

Kuhusu rafiki yako na kuuza, umelitaja kwa maneno machache sana, nami nitaliacha hivyohivyo, ila nijue tu kama ni kwa sababu huliwazi kabisa au kwa sababu unaliogopa.

Mambo mawili ya haraka. Katika nchi nyingi kubadilisha injini kunataka namba mpya iandikwe kwenye kadi ya gari na bima ijulishwe, hasa cc au nguvu zikibadilika. Ulizeni kabla, na mdai hati ya umiliki ya gari lililovunjwa. Na kabla hela yoyote haijatoka kwa mwenye Prado, nendeni mkaione injini ikiwaka ndani ya gari lake. Mwambieni asiiwashe kabla hamjafika. Shika bloku kwa kiganja, iwe baridi. Tazama moshi inapowaka kwa mara ya kwanza: wa bluu ni oili, mweupe usiokwisha baada ya kupata moto unaweza kuwa maji, au dizeli isiyoungua. Fungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma uone kama inapumua kwa nguvu, maana hiyo ni dalili ya uchakavu. Mumeo aende, na kama kaka atakubali kusimama pembeni bila kusema sana, naye aende. Wewe usikose, na usikubali kubaki garini.